Bega Kwanza: Niliyojifunza Kuhusu Suti Lubumbashi

Mwanamume wa Lubumbashi hawezi kuikwepa suti. Ataihitaji siku ya kupeleka mahari, siku ya ndoa ya serikali kwenye ofisi ya komini, siku ya kanisani na usiku wake ukumbini. Ataihitaji akitetea tasnifu, akipokea digrii Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), akihojiwa kazi kwenye kampuni ya madini, na akienda kilio cha mkubwa wa ukoo. Jamaa zangu wamezoea kuniomba niwasindikize wanapotafuta suti, nami huenda kwa moyo wote, maana naamini mtu aliyevaa sawasawa amewaheshimu waliomwalika. Haya nimeyaokota kwa mafundi wa Kamalondo na wa Kenya (Kenya hii ni komini ya mji wetu, wala si nchi), kwa wauzaji wa mitumba, na kwa kuwatazama watu. Ukiyasoma yote utaona nasema jambo moja kwa njia nyingi: pesa yako iende kwanza kwenye umbo la koti, pili kwa fundi, na jina lililoshonwa ndani ya koti lihesabiwe mwisho.

1. Jua unakokwenda kabla ya kuchagua

Mwenye suti moja tu, na ndivyo tulivyo wengi, achukue buluu iliyokolea au kijivu kilichokolea, bila mistari inayoonekana kwa mbali. Rangi hizo mbili zinakaa vizuri kanisani, ofisini na kwenye kilio. Nyeusi nayo ina siku zake, hasa kilio na sherehe za usiku, lakini mchana wa kiangazi vumbi letu jekundu linaonekana juu yake chembe kwa chembe. Kijivu kinalivumilia zaidi.

Kama ni harusi, ulizia mapema mambo mawili. La kwanza ni rangi ya suti ya bwana harusi, usije ukavaa kama yeye. La pili ni kikwembe ambacho familia imechagua. Mama na dada zako watakuwa wamevaa kitambaa kimoja, wamekigharamia na kukishonesha kwa wiki kadhaa, na picha zitakazopigwa siku ile zitatundikwa ukutani miaka mingi. Omba kipande kidogo cha kikwembe hicho, kama upana wa kiganja, uende nacho dukani unapotafuta tai. Si lazima tai ifanane nacho. Yatosha rangi moja ya kikwembe ionekane kwenye tai.

2. Bega halina dawa

Hili ndilo somo lenyewe, na ningependa vijana wote wa mji huu walijue. Koti linaning'inia begani. Bega likikosewa, kila kitu kilicho chini yake kitakosewa pia: kifua kitavimba, mkono utajikunja, mgongo utafanya matuta.

Namna ya kulipima ni hii. Vaa koti, simama wima, acha mikono ianguke yenyewe. Mshono unaounganisha bega na mkono uangukie pale mfupa wako wa bega unapoishia. Ukipita mfupa huo, utaona kishimo chini ya mshono, kitambaa kimebonyea kwa kuwa ndani hakuna mwili wa kukishikilia. Usipoufikia mfupa, utaona kinyume chake: mkono umevimba juu, na mistari ya kuvutana inaelekea shingoni. Kuna jaribio jingine la haraka. Simama ubavu ukiwa karibu na ukuta, kisha uegemee taratibu. Mkono wako wa juu na koti vinapaswa kuufikia ukuta pamoja. Kama pedi ya bega inagusa ukuta na mkono wako bado haujafika, koti hilo ni la mtu mwingine.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu kurekebisha bega ni kubomoa koti. Fundi lazima ang'oe mkono mzima, afumue bitana, akate kitambaa, apange upya pedi na kitambaa kigumu cha ndani, kisha arudishe mkono kwenye tundu lililobadilika ukubwa. Kazi hiyo inaweza kuzidi bei ya koti la mtumba, na hata fundi hodari hakuhakikishii kwamba mikono miwili itaanguka sawa. Mzee mmoja wa Kamalondo ninayempelekea kazi husema na mteja bila kumung'unya maneno: «Papa, kiuno nitakipata, urefu nitaupata. Bega ulilete wewe mwenyewe.»

Mzee huyo alijifunza ushonaji wakati wa abacost, na nadhani ndiyo sababu jicho lake ni kali hivyo. Wasomaji vijana huenda hawaijui vizuri historia hii. Enzi za Wabelgiji, mji huu ulipoitwa Élisabethville, suti na tai vilikuwa sehemu ya mavazi ya yule aliyetaka kutambuliwa na serikali ya kikoloni kuwa msomi. Picha za Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, na mawaziri wake, miaka ile ya kujitenga kwa Katanga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, zinawaonyesha wamevaa suti za Kizungu. Kisha ikaja siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu. Kuanzia 1972 suti na tai vikawekwa kando, na abacost, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa ya kuikataa suti, ikawa ndilo vazi rasmi la mwanamume wa Zaire, pengine na skafu shingoni. Mambo yaliendelea hivyo hadi tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja na kuwaachia watu uhuru wa kuvaa tai tena. Yeye mwenyewe alisema atabaki na abacost yake.

Sasa fikiria kazi ya fundi wa miaka ile. Abacost haina tai ya kuvuta macho, wala shati jeupe linalong'aa kifuani. Mtazamaji anaona bega, kifua na mstari wa vifungo, basi. Fundi aliyepinda bega hakuwa na pa kulifichia kosa lake. Wengi wa waliofunzwa katika kazi hiyo walirudi kushona na kurekebisha suti baada ya 1990, na wachache waliobaki wanastahili kutafutwa na vijana wanaojifunza cherehani leo. Nasema pia, kwa mapenzi kabisa: kama baba yako bado ana abacost iliyoshonwa vizuri na anataka kuivaa harusini kwako, mwache aivae. Ni vazi la heshima.

3. Tazama nyuma ya shingo

Watu hujitazama kwenye kioo kwa mbele tu, lakini kanisani waumini mia wanakutazama kwa nyuma. Ukosi wa koti unapaswa kulala juu ya ukosi wa shati bila nafasi kati yao, na shati lionekane juu yake kidogo, kama sentimita moja au moja na nusu. Ukiona uwazi unaoweza kuingiza vidole, koti halifuati mgongo wako. Wakati mwingine fundi anaweza kupunguza kitambaa chini ya ukosi na mambo yakawa sawa. Lakini mara nyingi uwazi huo unaletwa na bega au na namna unavyosimama, na hapo ni bora kulirudisha koti kwenye kamba. Mwombe mtu akupige picha ya mgongo kwa simu ukiwa umesimama kama kawaida yako, bila kujinyoosha kwa ajili ya picha.

4. Namba mbili, mwili mmoja

Suti zinazouzwa hapa zimetoka pande zote: mpya kutoka Uturuki, Dubai na China, mitumba kutoka Ulaya na Amerika. Basi namba nazo ni za pande zote, na nimeona watu wakiliacha koti zuri kwa kuwa limeandikwa 40 nao wanajijua kuwa ni 50. Hizo ni namba za kifua kilekile. Ulaya bara huhesabu nusu ya mzunguko wa kifua kwa sentimita, hivyo 50 ni kifua cha sentimita 100. Waingereza na Wamarekani huhesabu mzunguko mzima kwa inchi, hivyo kifua hichohicho kwao ni 40. Ondoa kumi kwenye namba ya Ulaya, umepata ya Uingereza: 48 ni 38, 52 ni 42, 54 ni 44. Herufi inayofuata ni ya urefu: S kwa mfupi, R kwa wa kawaida, L kwa mrefu. Koti la Ujerumani likiandikwa 25, usidhani ni la mtoto. Ni 50 iliyokatwa kwa ajili ya mtu mfupi.

Suti kamili kutoka Marekani kwa kawaida huja na suruali ambayo kiuno chake kimepungua inchi sita kuliko kifua cha koti, yaani koti la 40 na suruali ya 34. Mwenye tumbo kubwa au mapaja ya mchezaji mpira hatakaa ndani ya hesabu hiyo. Achague kwa kufuata koti, kisha aulize kama suruali ina kitambaa cha ziada nyuma ya kiuno. Asipokipata, atafute suruali nyingine ya rangi tofauti inayopatana na koti. Kijivu chini ya koti la buluu hakijawahi kumwaibisha mtu.

5. Kitambaa kijaribiwe kwa vidole na kwa moto

Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na majira yake yanajulikana. Juni na Julai asubuhi kuna baridi inayoweza kushuka chini ya nyuzi 10. Oktoba, kabla ya mvua, jua linapita nyuzi 30. Suti moja inapaswa kuyavumilia yote mawili. Sufu nyepesi ndiyo inayoweza kazi hiyo, ile yenye uzito wa gramu 240 hadi 300 kwa mita, kwa sababu inapitisha hewa wakati wa joto na kuhifadhi joto wakati wa baridi. Polista tupu haipitishi hewa. Ukiivaa Oktoba katika ukumbi uliojaa watu, jasho litaonekana mgongoni kabla hotuba ya kwanza haijaisha.

Kwa bahati nzuri, sufu safi inapatikana kwenye marobota ya mitumba kwa bei ambayo dukani ingenunua polista. Lakini si kila lebo inasomeka, na nyingine zimekatwa. Fanya hivi. Kunja kitambaa ndani ya ngumi, kibane, kisha kiachie: sufu hujinyoosha yenyewe. Halafu, kwa ruhusa ya muuzaji, chomoa uzi mmoja ndani ya pindo la suruali na uuchome kwa kiberiti. Uzi wa sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopukutika. Uzi wa polista huyeyuka na kuwa kipunje kigumu cheusi. Ukipata vyote viwili, kitambaa kimechanganywa, na mchanganyiko wenye sufu nyingi haufai kudharauliwa. Unadumu, na mikunjo yake ni michache.

Usivutwe na maandishi ya «Super 150» au «Super 180» bitanani. Namba hiyo inaeleza wembamba wa nyuzi za sufu. Zikiwa nyembamba sana zinateleza mkononi vizuri, lakini zinachakaa upesi, nasi tunapanda taksi zilizobanana na kukaa kwenye viti vya plastiki. Super 100 au 110 inatutosha.

Bado kuna siri iliyo ndani ya kifua cha koti. Kati ya kitambaa cha nje na bitana kuna kitambaa kigumu kinacholipa koti umbo. Katika koti zuri kimeshonwa. Katika koti rahisi kimegundishwa kwa gundi na joto. Bana kitambaa cha kifua kwa vidole viwili, karibu na kifungo, kisha ukitenganishe taratibu. Ukihisi tabaka la tatu linaelea katikati, kimeshonwa. Ukihisi tabaka mbili tu, moja ikiwa nene na ngumu, kimegundishwa. Koti la gundi si baya likiwa jipya. Lakini kwenye mitumba, litazame dhidi ya mwanga: kama kifua kina malengelenge madogo, gundi imekwisha kuachia, na hakuna pasi itakayolirudisha.

6. Nenda kwa fundi ukiwa umevaa kama siku yenyewe

Mtoto wa dada yangu alikwenda kupimwa suruali akiwa na malapa. Kabla fundi hajagusa chaki alimrudisha nyumbani akavae viatu vya harusi, na kijana akaniambia, «Muyomba, ananisumbua.» Hakusumbuliwa. Kisigino cha kiatu rasmi kinaunyanyua mguu karibu sentimita mbili au tatu, na hicho ndicho kipimo kinachoamua kama pindo litagusa kiatu vizuri au litaonyesha soksi. Nenda na viatu, mshipi na shati lenyewe. Weka simu na pochi mfukoni kama ndivyo unavyotembea, au bora uache tabia hiyo, kwani hakuna kinachoharibu mstari wa koti kuliko simu kubwa kifuani.

Ukishavaa, kaa. Inua mikono kama unayempokea mtoto. Mkumbatie fundi. Cheza hatua mbili, kwa kuwa harusini utacheza. Funga kifungo cha juu, au cha katikati kama viko vitatu, na uangalie kama kitambaa kinavutana kufanya alama ya X. Mikunjo miwili midogo si neno; X kubwa ni ishara kwamba koti linakubana. Kifungo cha chini hakifungwi kamwe, maana koti lenyewe limekatwa kwa kufuata desturi hiyo. Ukikaa, fungua vyote.

Mkono wa koti uishie kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, shati lichungulie sentimita moja. Koti lifunike makalio. Mipasuo ya nyuma ilale imefungana.

7. Ajuaye mipaka ya fundi haonewi

Kupunguza kiuno cha koti, kufupisha mkono usio na matundu halisi ya vifungo, kupunguza au kuongeza kiuno cha suruali kidogo, kukata pindo, kubana miguu ya suruali: hizi ni kazi za siku moja au mbili, na zinabadilisha suti ya bei nafuu ikaonekana imeshonwa kwa ajili yako. Kufupisha koti zima ni kazi ya hatari, kwa kuwa mifuko haisogei na koti linabaki na mifuko iliyokaribia ukingo. Kupanua kifua hakuwezekani. Kuongeza popote kunategemea kitambaa kilichobaki ndani ya mshono, kwa hiyo geuza nguo ndani nje na utazame kabla hujalipa.

Patana bei ya kila kazi peke yake, na umwombe fundi ahifadhi vipande anavyokata. Vitahitajika siku koti likitoboka.

8. Rangi zisizidi tatu

Masapeur, wale wapenda mavazi ya kifahari wa Brazzaville na Kinshasa ambao mwanamuziki Papa Wemba aliwafanya wajulikane duniani, wana kanuni ya kutozidisha rangi tatu mwilini. Mtu anaweza kutopenda gharama zao, lakini kanuni hiyo ni ya hekima. Suti rangi ya kwanza, shati ya pili, tai ya tatu, na viatu na mshipi virudie mojawapo au vifanane vyenyewe kwa vyenyewe.

9. Toa nyuzi za kiwandani

Suti mpya huja na uzi mweupe wenye alama ya X kwenye mipasuo, mifuko iliyoshonwa, na lebo ya kitambaa juu ya mkono wa kushoto. Nyuzi hizo ni za kulinda nguo safarini, nayo lebo ni ya dukani tu. Vifumue vyote kwa wembe, taratibu, kabla ya kuivaa mara ya kwanza. Najua wapo wanaoiacha lebo ya mkononi ili watu waione, na ningewasihi waitoe, kwa sababu macho ya watu yatakwenda kwenye kipande hicho kidogo badala ya kwenda kwenye bega walilolitafuta kwa bidii.

10. Pasi ya makaa na vumbi

Umeme hukatika, na nyumba nyingi bado zina pasi ya makaa. Inafanya kazi nzuri mikononi mwa mwangalifu. Ipepee nje mpaka majivu yaishe, ifute chini kwa kitambaa kibichi, kisha usiiweke kamwe moja kwa moja juu ya sufu. Tandaza kitambaa cha pamba chenye unyevu, ubonyeze na kunyanyua bila kuburuta. Pasi ikigusa sufu kavu inaacha mng'ao usiotoka, hasa kwenye magoti na viwiko.

Koti lisifuliwe kwa maji. Lipeleke kwa wasafishaji mara chache tu kwa mwaka, na baina ya safari hizo lisugue kwa brashi laini likiwa bado limetundikwa, kutoka ukosini kwenda chini, usiku uleule uliolivaa. Vumbi la hapa likilala ndani ya nyuzi linazikata. Litundike kwenye kitundikio kipana chenye umbo la bega, wala si cha waya, na uliache lipumzike siku nzima kabla ya kulivaa tena.

Na kama una tarehe ya harusi mkononi, mpe fundi tarehe iliyo wiki moja kabla yake. Miezi ya kiangazi meza yake imejaa, na wiki hiyo moja ndiyo utakayoihitaji kumrudishia koti akupunguzie sentimita moja ya mkono.